Kicheko cha Karambu

Karambu alikuwa akichambua viazi na wanawake wenzake kando ya lori kule Kibirichia, vikubwa kwenye gunia, vidogo kando kwa mbegu, wakati Hezekiah Gichovi alipofika na kinasa sauti. Gichovi alikuwa kijana wa Manyatta, Embu. Alijifunza uchekeshaji katika michezo ya kanisa, na sasa alikuwa ameajiriwa Nairobi kuongoza kipindi cha vichekesho kwenye runinga. Alihitaji watu wa kucheka. Akawaigizia wanawake mzee wa kanisa anayesinzia katikati ya maombi yake mwenyewe. Wote walicheka, lakini kicheko cha Karambu kilianzia chini tumboni, kikapanda, kikapanda, hadi kuku wakatoka chini ya lori. Gichovi alishukuru, akaondoka nacho.

Jioni hiyo binti mdogo wa Karambu, Kiende, alijipaka unga uso mzima. Karambu akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Kicheko kilikuwa kwenye runinga. Kilitoka kila kipindi kilipoonyeshwa, mzaha uwe mzuri au mbaya. Mumewe, Murithi, alikuwa mtu wa mizaha na kwa mizaha ndivyo alivyompata mke, kwa hivyo mke alipoacha kucheka akaona amedharauliwa. Kisha akakisikia kicheko hicho kwa hoteli ya Mbaabu. Tangu hapo, siku ya kipindi, alienda huko akaagiza chai, akakaa karibu na runinga, akarudi nyumbani kipindi kikiisha. Baadaye akapanga chumba nyuma ya hoteli. Majirani walisema amefanya vizuri, maana njia ilikuwa na matope sana.

Gichovi alipanda cheo. Akapewa vipindi vingine, na vyote akavitia kicheko kile kile. Ila hakuna mtu aliyemheshimu. Hata akiagiza chakula, watu walikuwa wakingoja mzaha. Mama yake, Wambeti, alipokufa Manyatta yeye akiwa kazini, alitengeneza filamu ya huzuni kuhusu kifo hicho, akaileta ionyeshwe kwanza katika kanisa la nyumbani.

Karambu alipata habari, akasafiri hadi Manyatta. Alimkuta Gichovi mlangoni pa kanisa, amevaa suti nyeusi.

"Nimekuja kuchukua kicheko changu," alimwambia.

"Mama, si mlicheka wenyewe? Nani aliwalazimisha? Hiyo sasa ni mali ya kampuni."

"Kimenivunjia nyumba."

"Pole. Ingia ukae, tunaanza."

Karambu aliingia, akakaa benchi ya mbele. Alikuwa amengoja hadi Kiende akamaliza shule. Kungoja kidogo zaidi hakukumsumbua. Kwenye filamu, mwigizaji aliyeigiza Wambeti alipoita jina la mwanawe mara ya mwisho, Karambu alifungua kinywa. Kicheko kikatoka kwenye spika. Fundi alichomoa nyaya, kikaendelea. Pasta alisema spika hizo hazijawahi kutoa sauti safi hivyo. Watu nao, kwa kuwa walikizoea majumbani mwao, walijua hapo ndipo pa kucheka, wakacheka. Gichovi alisimama akawaomba wanyamaze, huyo ni mama yake. Wakazidi.

Karambu alimtazama Gichovi usoni hadi taa zikawashwa.

Kuanzia siku hiyo, kila Gichovi alipohuzunika, kicheko kilimjibu, kwenye redio ya jirani au kwenye simu yake mwenyewe. Kituo cha runinga kiliinunua filamu kama kichekesho, kikaagiza ya pili, kikauliza kama baba yake bado yuko hai.

Mwishowe Gichovi alikuja Kibirichia, akapiga magoti matopeni katikati ya magunia.

"Mama Kiende, nakuomba. Kichukue. Hata mama yangu siwezi kumlilia."

"Mimi sina kitu, kijana wangu. Si ni mali ya kampuni?"

Gichovi akalia. Kicheko kikatoka mfukoni mwake, kikapanda, kikapanda, hadi kuku wakatoka chini ya lori. Murithi, aliyekuwa akipita kwenda kwa Mbaabu, alisimama langoni. Kisha akaingia, akapindua ndoo, akaikalia karibu na mtu anayelia, sikio akilielekeza mfukoni. Mkewe hakumwangalia.

Karambu alishona mdomo wa gunia, akavuta lingine. Gichovi alikuwa ameanza kutulia, na sauti nayo ilikuwa ikififia.

"Usinyamaze," Karambu alimwambia. "Baba Kiende bado anasikiliza."