Kijigrafu Kilichohamia Kanda ya Pili

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu siku mbili, na wiki ya saba ilipoanza bado alikuwa kwetu. Simlaumu. Mtaani kwake, Kanda ya Nne, maji yalikuwa yanatoka kwa kuviziwa, kikombe leo, nusu ndoo keshokutwa, na mwanamke wa miaka sabini na moja hawezi kushinda amelikodolea bomba macho. Nilimkaribisha kwa moyo mmoja. Tatizo ni kwamba alipofika alizitazama sufuria zangu, akashusha pumzi, akaanza kuzipanga.

Alizipanga mara nne. Kwanza kwa ukubwa, halafu kwa umri, halafu kwa rangi ya mifuniko, na mwisho kwa jinsi alivyoziamini. Chumvi ilihama makabati matatu. Nikipika nilitafuta mwiko wangu mwenyewe kama mgeni, na nikiuliza naambiwa, "Upo mahali pake, mwanangu," mahali ambapo mimi sikuwahi kutambulishwa. Mume wangu, mtaalamu wa kujitia hamnazo tangu utotoni, alisema yeye haoni tofauti yoyote.

Mimi ni mtakwimu katika idara ya maji. Mwaka huo idara ilipata pampu mpya moja, na kanda zinazohudumiwa ni nne. Kamati ya kuamua pampu iende wapi ilikuwa ikutane Alhamisi saa nane mchana, na kamati ile haisomi ripoti, inatazama picha. Picha ilikuwa kazi yangu. Pampu ikienda Kanda ya Nne, mama mkwe anarudi kwake na mimi narudishiwa jiko langu. Isipokwenda, tungoje ya mwakani. Sijawahi kuchora grafu kwa ari namna ile.

Na Kanda ya Nne ilikuwa na hoja, msinifikirie vibaya. Daftari la malalamiko lilikuwa na simu mia mbili na kumi na mbili, mia na tisini kati ya hizo zikitoka Kanda ya Nne. Ni kweli kwamba mia na themanini na saba zilipigwa na sauti moja, na karani wa simu alishaacha kuuliza jina. Hata baada ya kuhamia kwangu, ambako maji yapo, mama mkwe aliendelea kupiga kila asubuhi kwa niaba ya nyumba yake tupu.

Picha yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja uliogawanywa vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, kila kanda na chumba chake. Ndani ya kila chumba mstari mmoja ulionyesha presha ya maji kwa siku sitini. Chumba cha Kanda ya Nne kilikuwa chini kulia. Mstari wake ulijikongoja karibu na sakafu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo pembe yake ya juu, upande wa kulia, ilikuwa tupu. Pale nilitaka kupachika grafu ndogo, kijigrafu cha kukuza ile wiki mbaya kuliko zote, ili hata mjumbe aliyesahau miwani nyumbani aone. Ni kazi ya nusu saa, nilimwambia mkuu wangu.

Mkuu wangu tunamwita Rula, na anajua. Hupima pembezoni za kila ripoti kwa rula ya chuma anayoiweka kwenye mfuko wa shati. Katika miaka sita niliyofanya naye kazi hajawahi kuniuliza hata siku moja kilichoandikwa katikati ya pembezoni hizo.

Alhamisi saa mbili asubuhi nikaingiza takwimu za siku kumi za mwisho, ambazo fundi wa mita alikuwa ndiyo kwanza amezituma, nikaongeza maagizo ya kijigrafu, nikabonyeza. Kijigrafu kikatokea kwenye vyumba vyote vinne. Programu ilichukulia kwamba ukimpa mmoja unawapa wote, kama mama mwenye watoto wanaohesabiana biskuti.

Nikarekebisha. Kikatokea nje ya ukurasa, kikichungulia kwa pembe moja. Nikarekebisha tena, kikajaa chumba kizima na kumeza mstari wenyewe. Mara ya nne kilitokea kidogo kama inzi, na nakiri kwamba nilijaribu kukipangusa kwenye skrini kwa kidole.

Kufika saa tano nilikuwa nimekasirika vya kutosha kuamua kutumia nguvu. Nikaacha kuongea na vyumba, nikaongea na ukurasa mzima: nenda kulia asilimia themanini na tano, panda asilimia thelathini na tano, kaa hapo. Nikabonyeza. Safari hii kilikuwa kijigrafu kizuri, ukubwa wa kutosha, herufi zinasomeka, fremu imenyooka. Kilikuwa kimekaa kwenye chumba cha Kanda ya Pili, juu kulia, kimeegemea pembe yake ya chini bila wasiwasi wowote.

Nikafuta maagizo, nikayaandika upya. Kanda ya Pili. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Kanda ya Pili. Nilikisemesha kwa maneno ambayo karani wa simu, anayesikia malalamiko kutwa nzima, alisema hajawahi kuyasikia.

Rula akatoka ofisini kwake kuja kuona kulikoni. Akainama mbele ya skrini yangu, akatoa rula, akapima.

"Mbona pametulia," alisema.

"Ni chumba cha watu hicho, mkuu. Kijigrafu ni cha Kanda ya Nne."

"Andika chini yake kwamba ni cha Kanda ya Nne. Wajumbe wana macho."

"Kitawachanganya."

"Hapo palikuwa wazi, dada. Usijitafutie kazi. Mimi nachapa."

Akachapa nakala kumi na mbili, akazipanga mezani kwake, akazipima moja moja. Kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha.

Mimi lakini nikikwama huwa sipati usingizi, kwa hiyo nikafungua maelezo ya programu na kuyasoma, jambo ambalo mtu hulifanya akishashindwa kila kitu kingine. Ukurasa wa arobaini nikamkamata mchawi. Sehemu ya programu inayopanga vyumba huhesabu kuanzia chini kwenda juu. Sehemu inayopachika vijigrafu huhesabu kuanzia juu kwenda chini. Bila shaka waliozitunga hawakuwahi kunywa chai pamoja. Nilipokiambia kijigrafu kipande juu asilimia thelathini na tano, chenyewe kilishuka asilimia thelathini na tano kutoka juu, kikatua Kanda ya Pili kwa utii kabisa. Dawa yake ilikuwa tarakimu moja: thelathini na tano iwe sitini na tano.

Nilibadilisha tarakimu nikiwa nimejaa raha. Mkono ukiwa tayari juu ya kitufe, nikatupa jicho la mwisho kwenye chumba cha Kanda ya Pili, kama mtu anayemtazama mgeni akiondoka. Hapo ndipo nilipouona mstari. Ulikuwa unatembea vizuri juu ya kijigrafu, siku ya arobaini, siku ya hamsini. Siku ya hamsini na moja ulijikunja, ukazama nyuma ya kijigrafu, na haukuibuka tena.

Nikabonyeza. Kijigrafu kikahamia kwake Kanda ya Nne, na palepale kilipokuwa kimekaa pakabaki mstari uliolala sakafuni. Sifuri, siku tisa mfululizo. Mstari wa Kanda ya Nne, kwa unyonge wake wote, haukuwahi kugusa sifuri hata siku moja.

Nilijiambia mita imeharibika, na nilitamani sana iwe imeharibika. Nikampigia fundi wa mita.

"Ile mita ya Kanda ya Pili ina tatizo gani?"

"Mita haina tatizo, dada. Maji ndiyo hayapo. Pampu yao imekufa."

"Siku tisa?"

"Leo ya kumi. Wanachota kwenye kisima nyuma ya shule, na kisima chenyewe kinanuka."

"Sasa kwa nini hawapigi simu?"

"Mwaka jana walipiga, wakaambiwa waandike barua. Wakaandika barua tatu, hawakujibiwa, wakachoka. Si kila mtaa una mtu kama yule bibi wa Kanda ya Nne."

Nilimshukuru, nikakata simu bila kumwambia yule bibi anaoga wapi siku hizi.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Nakala kumi na mbili zilikuwa tayari mezani kwa Rula, pembezoni zake sawasawa, kijigrafu kimekaa juu ya siku tisa za watu. Sikuhitaji kusema uongo. Sikuhitaji hata kuinuka kwenye kiti. Kosa lilikuwa la programu, ruhusa ilikuwa ya mkuu, na mimi nilikuwa na haki ya kwenda kula kama watu wengine. Nilikaa pale dakika kumi nikiitazama saa ya ukutani na kufikiria jiko langu, chumvi kwenye kabati lake, mwiko mahali pake, kwa maana ya pale nilipouweka mimi. Niliona haya, na haya zenyewe hazikunizuia kuendelea kufikiria. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyepewa vyumba vinne nivitazame, na tangu asubuhi nilikuwa natazama kimoja.

Kisha nikapiga moyo konde, nikachapa nakala mpya kumi na mbili na kumpelekea Rula.

Alizitazama muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama katikati ya ukurasa, na hakupendezwa.

"Hii itatuletea maswali," alisema.

"Itatuletea, mkuu."

"Watauliza siku zote hizo tulikuwa wapi."

"Wataulizia pia zile barua tatu. Afadhali tuulizwe tukiwa na nakala hizi kuliko waje wagundue kilichofichwa na zile za kwanza."

Akatoa rula. Akapima juu, akapima chini, akapima kulia na kushoto, na nadhani alikuwa anatafuta kosa la nusu sentimita limwokoe. Halikuwepo. Akazichukua nakala za asubuhi, akazitumbukiza mwenyewe kwenye mashine ya kukatakata karatasi.

Kikao hakikuchukua muda. Mwenyekiti wa kamati aliweka kidole kwenye ule mstari uliolala na kuuliza kama printa iliishiwa wino. Nikamwambia hapana, ni maji yaliyoisha. Akauliza mbona daftari la malalamiko halina kitu cha Kanda ya Pili, nikamweleza habari za barua, naye akamgeukia Rula, ambaye ghafla alikuwa na jambo la haraka la kuangalia kwenye kalenda yake. Ile wiki mbaya ya Kanda ya Nne, niliyoikuza kwa jasho la asubuhi nzima, hakuna aliyeigusa. Pampu ikaenda Kanda ya Pili kwa kura zote.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimechoka kama niliyebeba pampu yenyewe. Mama mkwe alikuwa mezani na vikombe viwili vya chai, ameshanimiminia changu.

"Haya, pampu yetu?" aliuliza.

"Imekwenda Kanda ya Pili, Mama."

Nikakaa, nikamweleza yote: kijigrafu, kuhesabu kutoka juu na kutoka chini, mstari uliozama, fundi wa mita, kisima kinachonuka. Alisikiliza bila kunikatiza, nami nikazidi kuogopa, maana si kawaida yake.

"Kwa hiyo ungenyamaza tu," alisema mwishowe, "mimi kesho ningekuwa nafunga mizigo."

"Ndiyo, Mama."

"Na ulifikiria kunyamaza."

Nilitaka kudanganya. Lakini yule ndiye aliyemlea mume wangu, uongo anaujua kabla haujatoka mdomoni. "Nilifikiria," nikasema.

"Muda gani?"

"Dakika kumi."

Akaweka kikombe chini taratibu. Nikajiandaa kusikia kwamba mwanawe alioa vibaya.

"Dakika kumi tu?" alisema. "Ingekuwa mimi na mama mkwe wangu, pampu ingekuwa imeshafungwa kwake saa hiyo hiyo. Kanda ya Pili wangejijua."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka naye kwa mara ya kwanza katika wiki saba, mpaka mume wangu akachungulia mlangoni, akatuona, akarudi alikotoka. Halafu mama mkwe akafuta macho kwa kiganja.

"Siku tisa," alisema. "Na humo mna watoto wachanga."

"Mafundi wanaanza Jumatatu, Mama."

"Jumatatu ni mbali. Waambie waanze kesho."

"Nitawaambia."

"Haya." Akakusanya vikombe, changu kikiwa bado na chai nusu. "Mimi basi nipo," alisema, akaenda kuviosha.