Tishali Mbele ya Milango ya Umeme

Kabla ya umeme, maji ya mfereji wetu wa Trollhättan, Uswidi, yalikuwa ya meli tu. Kituo cha umeme kilipojengwa, ulichimbwa mkondo wa kuyapeleka kwenye mitambo, na tangu hapo Nahodha Gottfrid hakupita na tishali lake, chombo cha mizigo kisicho na injini, bila kututukana sisi walinzi wa milango ya mkondo.

"Walafi nyie! Ipo siku mtanimeza na shayiri yangu!"

"Mgumu wewe, mzee, utatukwama kooni!" mwenzangu Hjalmar alizoea kumjibu.

Asubuhi moja ya Novemba, kamba iliyokuwa ikikokota tishali lake ilikatika. Tulisikia mlio tu, kisha tukaliona limegeuka ubavu, linakuja kwetu. Mkewe, Tyra, alikuwa akisukuma kwa upondo, lakini upondo haukugusa chini.

"Fungeni!" Gottfrid alipiga kelele. "Fungeni, jamani!"

Kufunga si uamuzi wetu. Bila umeme, matanuru ya kiwanda cha chuma tulichokihudumia yangepoa na chuma kugandia humo humo. Nilimpigia simu Mhandisi Lagerbom, mkuu wa kituo. Alikuja mbio, akatazama maji mara moja tu.

"Shusheni yote."

"Na kiwanda, bwana?"

"Nitajibu mimi. Zungusha!"

Barafu ilikuwa imeshika gurudumu la mlango. Lagerbom alivua koti, akalishika pamoja nasi. Mlango wa kwanza ukashuka, wa pili ukafuata. Wa tatu ulikwama katikati, na maji yote yakakimbilia hapo. Tishali likagonga kimia cha chuma, wavu wa kuzuia takataka mbele ya milango, kwa kishindo, na Tyra akarushwa majini.

"Tyra! Tyra wangu!"

Maji yalimbana kwenye kimia, kichwa kinaonekana, kinapotea. Hjalmar alilala kifudifudi, akamkamata nywele. Mimi na Lagerbom tulining'inia kwenye gurudumu kwa uzito wetu wote hadi barafu ikapasuka, mlango ukashuka, maji yakamwachia. Tukampandisha akiwa wa buluu kwa baridi, anatapika maji, yu hai.

Matanuru mawili yaliharibika kabisa. Kabla ya majira ya kuchipua Lagerbom alikuwa ameachishwa kazi. Ni baada ya hapo ndipo magogo yenye minyororo yalipotandazwa kuziba mdomo wa mkondo, na hakuna chombo kilichovutwa tena na maji.

Barafu ilipoyeyuka, Gottfrid alikuja kwa miguu, kofia mkononi.

"Yuko wapi yule bwana?"

"Ameondoka, mzee. Hatujui kaelekea wapi."

Aliyatazama magogo. "Mngeniandikia basi, nikaja kumshukuru kabla hajaondoka," alisema, akaondoka bila kututukana.