Raba za Mama Mkwe

Hassani alikuwa anavaa namba arobaini na saba, na mjini Mtwara hiyo si namba ya kiatu, ni ugonjwa. Wauzaji wa mtumba walikuwa wakimwona tu anaingia sokoni wanaanza kutikisa vichwa kabla hajauliza. Aliyebaki na moyo wa kumhangaikia ni Paulo peke yake. Kila alipofungua robota jipya, Paulo alimwekea pembeni chochote kilichofanana na mtumbwi.

"Hizi hapa, kaka," alimwambia siku hiyo, akimpa raba nyeusi zilizochakaa shingoni. "Sura hazina, lakini soli ipo."

Hassani hakuwa na shida na sura. Alizigeuza juu chini akaangalia soli: mistari ya kona kona, imelala ubavu kwa ubavu kama ukili wa mkeka. Akabonyeza kwa dole gumba; ulikuwa mpira laini, si plastiki. Akasugua kiganja, kiganja kikakwama. Mwisho akazivaa, akaenda kwenye sakafu ya saruji mbele ya duka la jirani, akakimbia hatua chache na kusimama ghafla. Zikalia kyuu. Mama mmoja aliyekuwa anachagua mashuka akatazama chini, akidhani amemkanyaga paka.

Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Uwanja wao wa kikapu kule Shangani ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani, unang'aa kama sinia, na kila alasiri upepo wa baharini ulikuja kuunyunyizia mchanga mwembamba kama unga. Kwenye uwanja wa namna hiyo, mchezaji asiye na soli ya maana ni mzigo kwa wenzake. Na timu yao, Pweza, ilikuwa na nusu fainali Jumatano, na ikishinda, fainali Jumamosi.

Alikuwa amefungua mdomo kumwambia Paulo amfungie, sauti ikatokea nyuma yake.

"Shemeji, usinunue kitu."

Alikuwa Somoe, mdogo wake Saida; Saida ndiye mchumba wa Hassani. Msichana huyo alikuwa na uso wa mtu anayekuja kuleta habari mbaya na amekwisha kuifurahia njiani. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Umetoka Nanyamba, kwa mama. Fungua, nataka nikamweleze ulivyocheka."

Ndani ya mfuko mlikuwa na raba mpya, nyeupe pe, zenye mstari wa dhahabu ubavuni. Namba arobaini na saba. Hassani alizishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Amezipata wapi?"

"Mnadani, Masasi. Siku uliyokuja kujitambulisha nyumbani, si uliacha viatu mlangoni? Mama alivipima kwa kamba. Tangu siku hiyo anazunguka na ile kamba mnada kwa mnada, watu wanadhani anatafuta ng'ombe."

Hassani akacheka kama ilivyotakiwa. Halafu akazigeuza, na kicheko kikamkauka. Soli ilikuwa plastiki ngumu, laini na tupu, haina mstari hata wa kusingizia. Mtu angeweza kuilia wali.

"Na Jumatano anakuja kukuangalia ukicheza nazo," Somoe akamalizia.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Bi Rukia, mama yake Saida, alikuwa amemkubali Hassani kwa shingo upande. Kazi yake ya ukarani bandarini haikuwa na kasoro, dini yake ilikuwa sawa, ila huo mpira. Mama alikuwa ameuliza mbele ya wajomba wote ni mwanamume gani mzima anayefukuzana na mpira akiwa na kaptula, huku wenzake wanapalilia mikorosho. Tangu siku hiyo hakukuja neno lolote kutoka Nanyamba, si la ndiyo wala la hapana. Sasa neno lilikuwa limekuja, na lilikuwa na mstari wa dhahabu.

Jioni akampigia Saida, ambaye alikuwa zamu hospitalini.

"Mpenzi, zile raba za mama zinateleza."

"Kiasi gani?"

"Leo mazoezini nimesimama, mwili ukaendelea."

Saida alicheka mpaka ikabidi atoke wodini. Aliporudi kwenye simu, sauti ilikuwa ya mtu anayejipangusa macho. "Nisikilize, Hassani. Mama hajawahi kumnunulia hata baba viatu. Ukizikataa hizo, utakuwa umemkataa yeye, na siku nyingine hatakupa nafasi ya kukataa kitu."

"Nikizivaa nitavunjika."

"Nitakufunga bandeji. Ndiyo kazi yangu."

Basi akazivaa. Alizisugua soli kwa msasa, alizifuta kwa kitambaa cha maji, hata limau alijaribu. Hakuna kilichosaidia. Kocha wao, Godfrey, ambaye asubuhi alikuwa mwalimu wa fizikia, alimtazama akiserereka kutoka kikapu kimoja kuelekea kingine, akapiga filimbi.

"Hassani, miaka yote nafundisha msuguano kwa kipande cha ubao. Kumbe mfano nilikuwa nao hapa hapa." Wenzake wakaangua kicheko. Kocha hakucheka. "Jumatano ukianguka ovyo nakutoa. Na Jumamosi hutacheza. Chagua viatu, bwana."

Kuchagua angeweza. Ila angechaguaje mbele ya Bi Rukia?

Jumatano alasiri mama alifika, amejitanda kanga mbili, akaketi kwenye benchi la saruji kando ya uwanja, Somoe pembeni yake. Bi Rukia alikuwa mtu wa taratibu za zamani: mpaka ndoa ifungwe, mama mkwe na mkwe hawasemeshani uso kwa uso, kila neno lina mjumbe wake. Kwa hiyo Hassani alisimama hatua chache kutoka kwake, akainamisha macho.

"Somoe, mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwambie amependeza."

"Shemeji, marahaba. Amesema umependeza, mimi sijasema."

Mchezo ukaanza. Mpira wa kwanza aliopata, Hassani aligeuka kulia vizuri kabisa, isipokuwa miguu ilichelewa kuambiwa. Akakaa chini. Mara ya pili alitaka kumzuia mtu, akampita yeye huku mtu mwenyewe amesimama. Mashabiki wa upande wa pili wakaanza kumwita Sabuni. Mara ya tatu aliteleza kwa makalio mpaka nje ya mstari, akaishia mbele ya benchi la mkwe wake, nyayo zikiwa juu kama mtu anayeonyesha bidhaa. Mwamuzi akapuliza mapumziko, pengine kwa huruma.

Bi Rukia alizitazama zile soli kwa utulivu.

"Somoe, muulize mkwe wangu, mbona viatu vya wenzake vinalia na vyake vimenyamaza?"

Hassani akajizoa, akajifuta vumbi. "Mwambie mama viatu ni vizuri sana. Miguu yangu tu ndiyo ina ushamba. Nitavizoea."

Somoe akamtazama shemeji yake. Akamtazama mama yake.

"Mama, anasema vinateleza kama mlenda. Amevivaa kwa heshima yako tu. Na kocha amemwambia akianguka ovyo fainali haendi."

Hassani alitaka kukanusha, akajizuia. Maneno ya mjumbe ndiyo maneno yenyewe; kuyakanusha kungekuwa kumsemesha mkwe, na hilo lingekuwa kosa juu ya kosa. Akabaki amesimama kama nguzo ya kikapu, akimtazama Somoe kwa jicho la kumwambia leo utanijua.

"Mwambie alete mguu," alisema Bi Rukia.

Hassani akaleta mguu. Mama akaipapasa soli kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Mwambie mimi nilitafuta kisichoshika udongo," alisema polepole. "Shambani mvua ikinyesha, kiatu chenye meno kinabeba udongo mpaka mguu unakuwa kama mchi. Hivi niliviburuza sakafuni pale mnadani, vikateleza vyenyewe hadi ukutani. Nikasema hivi ndivyo vya mtu wa mbio."

Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Hassani alijua amemliza mama wa watu na ndoa imeishia hapo hapo uwanjani. Somoe akachungulia chini ya kanga.

"Anacheka," alitangaza.

Kipindi cha pili Hassani alikaa benchi, peku. Pweza walishinda bila yeye kwa kikapu kimoja, jambo lililomfurahisha na kumuuma kwa pamoja. Kocha Godfrey alimpitia akienda zake. "Jumamosi njoo na viatu, au njoo na ndoo ya maji ya wenzako."

Kutoka benchi la saruji ukaja ujumbe wa mwisho: mkwe aambiwe kesho asubuhi wanakwenda sokoni, mlipaji ni mama, na asibishe.

Zile raba nyeusi Hassani hakuzikuta. Mlinzi wa ghala moja la korosho alishazichukua. Lakini Paulo, alipomwona ameongozana na mkwe, alifungua robota zima kama anayepokea wageni wa serikali. Bi Rukia akapewa kigoda. Somoe akasimama katikati kupokea na kupeleka maneno, na kwa muda kazi ilikwenda, mpaka alipopita muuza mihogo ya kukaanga. Somoe akanusa, akamfuata, akatoweka. Paulo naye aliitwa na mteja upande wa pili.

Wakabaki wawili na rundo la viatu, bila mjumbe.

Bi Rukia alikuwa ameshika raba moja ya bluu, kubwa kama chungu. Aliigeuza huku na huko. Mwishowe akaiinua usawa wa uso wake.

"Wewe kiatu," alisema, "nasikia kuna mtu anataka umshike vizuri uwanjani. Utaweza?"

Hassani akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyekuwa anawaangalia. Akachuchumaa, akaokota raba ya pili ya jozi ile ile.

"Kiatu," aliiambia kwa adabu zote, "mwambie mwenzako mistari ipo, lakini hapa chini ya dole gumba imelika. Hapo ndipo mtu anapogeukia."

"Basi hufai. Pisha wenzako," Bi Rukia aliiambia ya kwake, akaitupa.

Ikaja jozi nyingine, na nyingine. Hassani alikieleza kiatu jinsi ya kubonyeza soli kwa dole gumba, na mama akabonyeza. Alikieleza kusugua kiganja, mama akasugua. Baada ya muda mfupi alikuwa mkali kuliko mwanafunzi yeyote wa Godfrey. Raba moja ambayo Hassani alikuwa tayari kuichukua aliirudisha kundini. "Wewe umezeeka, mpira wako umekauka. Usimdanganye mtoto wa watu."

Walipofikia jozi ya kijivu yenye kamba nyekundu, kiganja cha Bi Rukia kikakwama kwenye soli.

"Kiatu," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "huyu mtu nilimdhania mvivu. Jana nimemwona anaanguka, anasimama, anaanguka, anasimama. Viatu vyangu hakuvilaumu. Mwanangu akiolewa na mtu wa hivyo, mimi nitalala usingizi."

Hassani alikuwa na raba ya kushoto mikononi. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama raba.

"Mwambie mwenzako," alisema, "tangu niwe mtu mzima hakuna aliyewahi kuzunguka na kamba ya mguu wangu. Zile nyeupe sitampa mtu."

"Azitunze. Atavaa siku ya ndoa. Siku hiyo hakuna kukimbia."

"Hakutakuwa na kukimbia, kiatu."

Akazivaa zile za kijivu, akaenda kwenye saruji ya jirani, akakimbia kwa nguvu zake zote kuelekea meza ya sufuria na kusimama pua na kifuniko. Hakuteleza hata kidole. Mwenye sufuria ndiye aliyerudi nyuma. Bi Rukia akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea gunia lililojaa sawasawa. Suala la viatu vya Jumamosi likawa limekwisha. Hassani akarudi, akazivua, akampelekea ya kulia kwa mikono miwili na ya kushoto akabaki nayo, maana walikuwa bado hawajamaliza. Kulikuwa na habari ya tarehe, ya wajomba, ya kama mkwe anakula chikandanga, chakula cha kwao Nanyamba.

Hapo Somoe akarudi, shavu moja limejaa mihogo.

"Haya, nipo. Mama, nimwambie nini?"

"Kaa ule mihogo yako," alisema Bi Rukia. "Tunaongea."

Somoe akamtazama mama, akamtazama shemeji aliyechuchumaa, akazitazama raba mbili zilizokuwa zimeelekezana pua. "Kwa hiyo mimi nimefukuzwa kazi?"

Mama alikuwa amekwisha kusogeza kigoda karibu kidogo.

"Haya, wewe wa kushoto," alisema, "tulikuwa tumefika wapi?"