Kompyuta Ishirini za Karatasi

Jumatano, saa nane na nusu mchana, mwalimu wa hisabati alitandaza mezani karatasi za mitihani iliyopita, akaanza kuwaonyesha wanafunzi wake ishirini wa kidato cha nne jinsi ya kukunja kompyuta. Kibodi peke yake ilikuwa na mikunjo sabini na minne. Mikono yake haikujua kutulia: nyumbani alifungua redio za majirani akazifunga upya, kwenye vikao alikunja ajenda zikawa vyura, na mumewe alishazoea kukuta risiti zimegeuka korongo.

Kompyuta zenyewe zilikuwa hatua thelathini kutoka hapo, stoo, ndani ya maboksi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu zikimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Mtihani wa vitendo wa kompyuta ulikuwa wiki ijayo. Kila mapumziko mwalimu alikwenda kuomba ufunguo.

"Vuta subira, Mwalimu," alisema mwalimu mkuu. "Mgeni akifika tutafungua."

"Mkuu, watoto hawajagusa hata kitufe kimoja."

"Utepe nimeshanunua."

Alirudi darasani damu ikimchemka. Angalau, aliwaza, wajue herufi zinakaa wapi.

Ijumaa, msichana waliyemwita Chapuchapu kwa haraka zake aliinua mkono.

"Mwalimu, yangu imewaka."

"Punguza mwanga. Utaiunguza."

Hadi kengele ya mwisho zote zilikuwa zimewaka. Hazikuwa na usumbufu, ila zilitaka kukaa mbali na dirisha, na moja iliyokunjwa kwa kurasa za daftari la adhabu ilianza kila barua kwa kuomba radhi. Msimamizi wa mtihani alipokuja alizihesabu, akaweka tiki kwenye fomu yake, akaomba tu feni izimwe. Watahiniwa wote walimaliza kabla ya wakati. Mwalimu alifurahi hadi akasahau kula.

Wiki iliyofuata mgeni rasmi akafika. Utepe ulifungwa mlangoni mwa darasa, maana huko ndiko kompyuta zilikokuwa zikifanya kazi. Aliukata, akapigiwa makofi, akainua moja kwa vidole viwili na kusifu wepesi wake. Akiwa njiani kurudi kwenye gari aliuliza yale maboksi ya stoo ni ya nini.

"Ya ziada," alijibu mwalimu mkuu.

Lori lilikuja kuyachukua mchana huohuo. Mwalimu alisimama kando akitazama boksi moja baada ya jingine likipita mbele ya macho yake.

"Mnayapeleka shule gani?" alimwuliza dereva.

"Shule? Hapana, mama. Ghala kuu. Yatakaa huko mpaka apatikane mgeni rasmi."

Alimshukuru dereva, kwa kuwa yeye hakuwa na kosa.

Alipoingia ofisi ya walimu alimkuta mwalimu mkuu anamsubiri, uso umemng'aa, amekumbatia rundo la bahasha.

"Kidato cha kwanza wapo themanini," alisema. "Nimekutafutia karatasi. Safi kabisa, hazijaguswa."

Zilikuwa barua ambazo mwalimu mwenyewe alimwandikia kuomba stoo ifunguliwe, za miaka mitatu, na hakuna hata bahasha moja iliyowahi kufunguliwa. Mwalimu aliketi, akachana ya juu, akainyoosha kwa kiganja na kuanza kukunja.