Chiriku Alipopandishwa kwa Wakubwa

Habari yenyewe fundi cherehani aliletewa na wifi yake, siku ambayo wala hakuwa ameuliza kitu. Wifi alikuja kupunguziwa sketi kiunoni. Alisimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono juu, pini zimemzunguka, na mdomo wake kama kawaida haukai.

"Umesikia ya yule mtoto wa ng'ambo ya reli?"

"Mtoto gani? Usitikisike, nitakuchoma."

"Anacheza besiboli, kama huyu wetu. Mpira umempiga hapa." Akajigusa kifuani, katikati kabisa. "Haukumtoa hata tone la damu. Kasimama, kasema niko sawa, kisha kaanguka. Wanasema moyo ulizimika kama taa."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Sasa wifi, mimi naandika watu majina? Nimesikia tu."

Fundi alimchoma pini, na safari hii si kwa sababu wifi alitikisika.

Aliulizia. Muuza vifungo alisema ni kidole tu kilivunjika. Jirani mwenye ndugu ng'ambo ya reli aliapa kwamba huko hakuna hata uwanja wa besiboli. Ilikuwa habari ya kutiwa chumvi, na alilijua hilo kwa akili. Lakini ilimganda kama uzi mweupe kwenye nguo nyeusi: ukiutoa hapa unauona pale. Alikuwa akipindua pindo la shati la mteja, mara anajikuta ameweka kiganja kifuani, anasikiliza.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kusema bila kumeza mate, alikuwa akicheza kwa mwaka wa tatu. Na kwa miaka yote hiyo mama alikuwa amelala vizuri, kwa sababu ligi ya watoto imepangwa kwa vikundi vya umri, na kila kikundi kina uzito wake. Wadogo kabisa huwekewa mpira juu ya kigingi, wakaupiga ukiwa umetulia. Wanaofuata hurushiwa na kocha, polepole, kama anayemrushia mtoto pipi. Wa kati, wa miaka tisa na kumi, hurushiana wenyewe, ila mpira wao ni laini, ukikugonga unajipapasa na kuendelea. Kisha wapo wakubwa, wa kumi na moja na kumi na mbili. Mpira wa wakubwa ni wa ngozi, mgumu kama jiwe lililovalishwa kiatu, na vituo vya kukimbilia husogezwa mbali, maana watoto hao wana nguvu.

Umri nao hauhesabiwi kwa kumtazama mtoto. Unahesabiwa kwa siku moja tu, siku ya mwisho ya mwezi wa nne. Ukiwa na miaka kumi na moja siku hiyo, wewe ni mkubwa msimu mzima, upende usipende. Chiriku alikuwa ameitimiza siku mbili kabla. Rafiki yake wa dawati moja, aliyemzidi urefu kwa kichwa kizima, alizaliwa wiki iliyofuata, akabaki na mpira laini.

Fundi alimfuata katibu wa ligi dukani kwake, duka la rangi, akamkuta anakoroga kopo la kijani kwa kijiti.

"Siku mbili tu, baba. Mwache kwa wa kati mwaka huu."

"Mama Chiriku, ningekuwa na uwezo wa kusogeza siku za kuzaliwa, ningeanza na yangu." Akaendelea kukoroga. "Nikikupa wewe siku mbili, kesho atakuja mwenye wiki, keshokutwa mwenye mwezi, na mwishowe nitakuwa na jitu lenye ndevu linapiga mpira wa watoto wadogo. Hapo utakuja tena kulalamika, na utakuwa na haki."

"Lakini wangu ni mdogo."

"Wote ni wadogo. Ndiyo maana tunaiita ligi ya watoto."

Hakuwa mkorofi, na alichosema kilikuwa na maana. Fundi aliondoka na harufu ya rangi puani.

Nyumbani mumewe, mwoka mikate anayelala mchana kwa sababu usiku yuko kwenye tanuri, alimsikiliza kwa jicho moja. "Mtoto mwenyewe anafurahi. Wewe ndiye unamtia baridi."

"Ukimwona uwanjani utasema hivyo?"

"Nikimwona uwanjani nitapiga makofi. Niache nilale, mama."

Mazoezi ya kwanza kwa wakubwa, fundi alikaa kwenye benchi la wazazi, roho mkononi. Mpira ulipogongwa, mlio haukuwa ule wa kikundi cha kati, wa mto unaopigwa fimbo. Ulikuwa mlio mkavu, wa kitu kinachovunjika. Kila ulipotokea aliita jina la mwanawe. Hakujua hata anaita kwa nini. Watoto wakubwa walianza kumwigiza, wakivuta sauti: "Chirikuuu, rudi nyumbani uji umepoa." Kina mama wa benchi walicheka, wakampa jina la Kengele.

Jioni ile Chiriku, asiyenyamaza, alinyamaza. Alivua viatu, akavipanga, akasema akitazama ukuta, "Mama, ukiniita tena mbele ya wenzangu naacha kucheza."

"Naogopa, mwanangu."

"Ogopa kimyakimya."

Mama akaahidi. Aliposhona siku zilizofuata alijizoeza: mguu kwenye pedali, meno yamebana, mlio wa pikipiki au mlango ukipigwa nje, asishtuke. Alijipa moyo kwamba kocha yupo, mwamuzi yupo, na kwamba watu wazima wengi kiasi kile hawawezi wote kutoona jambo.

Ikafika mechi ya kwanza. Ligi ile ilikuwa na uwanja mmoja. Asubuhi walicheza wa kati, mchana wakubwa. Kati ya mechi mbili, vijana wa uwanja walivibeba vile vituo, matakia bapa meupe ya kukanyagia, wakavipeleka mbali kwa kipimo cha wakubwa na kuchora mistari mipya kwa chokaa. Mistari ya asubuhi hawakuifuta. Haijawahi kufutwa, tangu ligi ianze. Ilikuwa palepale ndani ya ile mipya, imefifia kidogo, kama sanduku dogo ndani ya kubwa.

Chiriku alipewa kulinda kituo cha tatu. Miaka miwili alikuwa amelinda kituo hichohicho akiwa na wa kati, na miguu yake iliujua umbali wake kuliko kichwa chake. Timu yake ilianza kwa kupiga, ikakaa sana, hakukuwa na la kutisha. Kisha waliingia kulinda, na upande wa pili mpigaji akaja mtoto mrefu, mabega kama ya mbeba magunia. Mvulana huyo alizungusha rungu mara mbili hewani, na upepo wake ukasikika mpaka kwenye benchi.

Fundi alimtafuta mwanawe kwa macho. Alimwona ameinama, glavu gotini, tayari kabisa, mkao mzuri. Kisha akaona miguu yake. Ilikuwa kwenye chokaa iliyofifia.

Alikuwa amesimama mahali pa asubuhi, hatua nyingi mbele ya kituo chake, karibu mno na rungu lile, akimngoja mtoto mwenye ndevu zinazotaka kuota kama anavyomngoja wa miaka tisa mwenye mpira laini.

"Mwone huyo mdogo," baba mmoja wa benchi alisema kwa kusifu. "Anamfuata mpigaji mpaka mlangoni. Ana moyo."

Kocha alikuwa amekipa mgongo kituo cha tatu, anamfunga mrushaji wa akiba kamba za viatu. Mwamuzi alikuwa nyuma ya mpigaji, anatazama mpira tu, ndiyo kazi yake. Fundi alinyanyuka. Akakumbuka ahadi, akakaa. Akanyanyuka tena, akaenda kwenye uzio upande wa kocha, akasema kwa sauti ya chini, ya adabu, "Kocha, mtoto kasimama pabaya."

"Nakuja, mama. Dakika."

Mrushaji akainua mguu.

Hapo fundi hakuamua lolote. Sauti ilimtoka yenyewe, ikapita uzio na uwanja mzima: "Chiriku, rudi nyuma!"

Mtoto aligeuza kichwa kumtazama mama yake. Wakati huohuo ule mlio mkavu ukasikika.

Mpira haukuonekana ukienda. Ulionekana tu umefika. Chiriku alikuwa amegeuka nusu, na ulimpata nyuma ya bega, akaanguka kifudifudi juu ya mstari wa asubuhi. Fundi hakumbuki kuupanda uzio, ila gauni lake lilichanika kuanzia pajani mpaka chini, na yeye ndiye wa kwanza kufika. Alimlaza chali, akaweka sikio kifuani. Alichosikia kwanza kilikuwa moyo wake mwenyewe, unapiga kama cherehani inayokimbizwa. Kisha chini yake, mwepesi na wa haraka, akausikia mwingine.

"Mama," Chiriku alisema, chokaa mdomoni, "unaniumiza."

Hospitali walipiga picha. Mfupa wa bega ulikuwa na ufa. Daktari, dada mwenye miwani iliyoteleza puani, alimfunga mkono kifuani kwa kitambaa, akasema utaunga, watoto huunga upesi, lakini asiguse mpira mpaka aambiwe.

Nje kwenye korido mwoka mikate alifika na unga bado kwenye nyusi. Akasikiliza yote. "Usingeita," alisema polepole, "angekuwa anautazama mpira. Angeukinga na glavu."

"Kwa umbali ule?" Wifi, aliyefika naye, alidakia. "Usingemwita angekuwa ameelekeza kifua. Nyinyi hamjui tu."

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alitaka mmoja wao awe sahihi, yeyote, ili apate pa kukaa. Akaingia chumbani, akamwuliza mwenyewe.

"Uliuona mpira?"

"Nilikuona wewe," Chiriku alisema. Akafikiri. "Ulikuwa umetoa macho. Nikajua kuna kitu, nikaanza kurudi."

"Ulikuwa umeanza kurudi?"

"Kidogo. Sijui. Mama, bega likipona narudi kwa wakubwa?"

Mama alimrekebishia kitambaa shingoni, fundo lisimchome. Mpaka leo hajui kama sauti yake ilimpa mtoto mpira au ilimtoa mbele yake, na kila mlango ukipigwa kwa nguvu anaanza kuhesabu upya. Kitu kimoja tu ndicho anachokijua, nacho alikwenda kumwambia katibu dukani. Safari hii katibu aliweka kijiti chini. Sasa mistari ya asubuhi inafagiliwa kabla wakubwa hawajaingia.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anapandishwa kikundi msimu huu, ya kuepuka ni haya:

Usidhani mtoto anajua uwanja kwa sababu amecheza miaka. Anajua ule wa kikundi chake cha zamani.

Usimruhusu aanze mechi kabla hajatembezwa kwa miguu mahali pake papya, na akasimama hapo, na kocha akaona.

Usikubali mistari miwili kwenye uwanja mmoja. Chukua ufagio mwenyewe.

Usimwite mtoto jina mpira ukiwa unarushwa. Mwite mwamuzi, asimamishe mchezo.

Usiogope kumsimamisha mwamuzi. Watacheka, kisha mchezo utaendelea.

Usiseme na kocha kwa sauti ya chini.

Usimbadilishie umri wala siku ya kuzaliwa ili abaki chini. Mpira wake utampata mdogo wa mwenzio.

Usimpe glavu ya mwaka jana. Kidole kikigusa mwisho, haimfai tena.