Vidonge vya Siku Kumi

"Mungu wangu, Appa, kumi! Vidonge kumi vimekaa tu, na leo unataka kutobolewa mashavu!"

Sauti ya Thirusha ilipaa mpaka jirani akachungulia. Kiboksi cha dawa kilikuwa wazi mkononi mwake, na baba yake, mzee Poobalan, amesimama uani na nguo zake za njano za nadhiri, tayari kwa maandamano ya hekaluni, ambako wenye nadhiri hutobolewa mashavu kwa mshale. Miezi minne tu tangu awekewe kile kijibomba cha waya ndani ya mshipa wa moyo, tena mshipa wenyewe, yaani, milimita mbili! Daktari alisema wazi: mishipa myembamba hivyo huziba tena upesi, dawa ya kuzuia damu isigande haiachwi hata siku moja.

"Dawa hiyo inafanya damu ichuruzike," Poobalan akasema. "Mshale ukipita shavuni damu ikatoka, mtaa mzima wa Chatsworth utasema Poobalan hakufunga, amekula kuku kwa siri."

"Waseme! Wao ndio watakuzika?"

"Usitaje kuzika siku ya mungu wetu Murugan, we mtoto."

Shangazi Saroj, dada yake Poobalan, akatoka jikoni na bakuli la unga wa manjano. "Mwache kaka yangu. Chuo kimekufundisha kubishana tu." Halafu akamkazia macho kaka yake. "Mbona unatoka jasho hivyo? Jua lenyewe halijapanda."

Thirusha akageuka. Baba alikuwa anajikanda taya polepole, kama mwenye jino bovu.

"Njaa ya mfungo tu," akasema, na hapo hapo akakaa chini, pu!

Wakambeba mpaka garini. Saroj alishika usukani, honi moja kwa moja katikati ya wapiga ngoma, huku Thirusha kamkumbatia baba kiti cha nyuma, anahesabu pumzi zake na anaogopa kila namba inayofuata.

Hospitalini daktari, mama mmoja mwenye macho ya uchovu, akamwonyesha Thirusha picha ya moyo. "Kijibomba kimeziba karibu chote. Damu inapita kama uzi. Tunaingia kukizibua sasa hivi, ila kwa mshipa mdogo hivi siwezi kukuahidi kitu, binti."

Kitanda kikaanza kusukumwa. Poobalan akamshika mwanawe mkono, vidole baridi kama vimetoka kwenye friji.

"Hujaniuliza nadhiri yenyewe ilikuwa ya nini."

"Ya nini, Appa?"

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

"Kesho, kanna, kipenzi changu. Kesho nitakueleza yote."