Kitabu cha Sajini Nungunungu

Katika nchi ya Bwawani, iliyotawaliwa na Mfalme Kiboko, askari aliyestaafu aliagwa kwa shamrashamra nyingi kuliko bwana harusi. Gwaride lilipangwa uwanjani, Mfalme alivaa joho, na karani alisoma mbele ya watu wote kitabu ambamo askari huyo alikuwa ameandika matukio ya zamu zake. Kitabu kikishasomwa, mstaafu alivishwa nishani, kisha akatoka kwa lango kuu huku akipigiwa saluti. Ambaye kitabu chake hakikusomwa alitoka kwa mlango wa uani, kama aliyefukuzwa kazi.

Kwa miaka mingi usomaji huo haukumnyima mtu usingizi. Askari wa Bwawani walikuwa wamejifunza kuandika maneno mawili tu, "Hali shwari," nao wakaishi vizuri na wakubwa wao. Koplo Bata alipostaafu, karani alisoma "Hali shwari" asubuhi nzima. Wananchi walisinzia pale pale kwenye nyasi, na Bata akapewa nishani nzito kiasi kwamba mpaka leo akitembea inamvuta mbele.

Ndipo ikafika siku ya Sajini Nungunungu.

Huyu alikuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja. Kalamu zake zilikuwa miiba yake mwenyewe, na kwa kuwa aliandika kila alichokiona, mgongo wake ulikuwa umebaki mapengo matupu. Siku tatu kabla ya sherehe, Waziri Kinyonga alikipitia kitabu chake. Alianza kukisoma akiwa kijani. Alipofika ukurasa wa nne alikuwa wa kijivu, akakikimbiza kwenye Baraza kwa mbio zake zote, yaani alifika kesho yake.

Mfalme akasoma kwa sauti: "'Saa nne asubuhi. Nimemkuta Mheshimiwa Kenge katika kiota cha Mama Kanga, ana mayai mawili mdomoni. Nimemkamata. Nimeambiwa nimwache.'" Akafunua mbele. "'Mheshimiwa Kenge tena. Mayai sita. Nimeambiwa nimwache.' Hii 'nimeambiwa nimwache' inaendelea mpaka wapi?"

"Mpaka jalada la nyuma, Mtukufu," alisema Kinyonga.

Kenge, aliyekuwa shemeji yake Mfalme na mjumbe wa Baraza, akakohoa. "Huyu mzee ana chuki binafsi. Mayai yale nilikuwa nayakagua."

"Kwa mdomo, shemeji?"

"Mikono yangu mifupi."

Nungunungu akaitwa. Aliingia, akapiga saluti iliyonyooka.

"Sajini," Mfalme aliuliza kwa upole, "nani alikuambia umwache?"

"Sikumwandika jina, Mtukufu. Niliona ni utovu wa adabu."

Baraza zima likatazama dari. Kinyonga akamrudishia kitabu chake, kisha akatoa kingine, kipya, kinanukia gundi. "Tumekuandalia hiki. Hali shwari tangu mwanzo hadi mwisho. Kikisomwa hiki, utatoka kwa lango kuu ukiwa Inspekta. Ukikataa, mlango wa uani unaujua."

Nungunungu hakukataa papo hapo, nasi tusimpambe kwa sifa zisizo zake. Alilitaka lango lile. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewapigia saluti wenzake wakipita hapo, na kila mara alijiona yeye ndiye anayepita. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe, aliyekuwa anapiga pasi sare yake ya mwisho.

"Inspekta," mkewe alisema, akilionja neno. "Zuri. Hata msibani watanisogezea kiti."

"Kwa hiyo nikubali?"

"Kubali, mume wangu. Ila nieleze jambo moja. Kama hali ilikuwa shwari miaka yote hiyo, wewe ulikuwa unachelewa kurudi kwa nini?"

Mzee alichukua kofia yake, akatoka nje akakaa peke yake.

Siku ya sherehe, karani alifungua kitabu kipya. Kabla hajatamka neno, Nungunungu alitoka mstarini.

"Hicho si changu, Mtukufu. Changu ninacho hapa."

"Basi hakisomwi," Mfalme alijibu, bado akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Njia unaijua."

Sajini akapiga saluti, akakiweka kitabu kwapani, akaelekea uani. Macho yalimwasha. Baadaye alisema ni vumbi.

Nyuma yake ikasikika sauti ya Inspekta Korongo, kiongozi wa gwaride: "Gwaride! Nyuma, geuka!" Askari mia mbili wakampa Mfalme migongo, wakapiga saluti kuelekea mlango wa uani.

"Korongo! Mambo gani haya?"

"Kanuni, Mtukufu," alijibu Korongo bila kugeuka. "Gwaride la kuaga humwelekea mstaafu mpaka atoke machoni. Kanuni haisemi atoke kwa mlango upi."

"Na mimi?"

"Mfalme husimama mpaka gwaride litawanyike."

Mlangoni pale walikuwa wamesongamana wasioalikwa. Mama Kanga akatoa kichwa. "Afande, nasikia na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika, mama."

"Mimi sikusoma. Hebu nisomee."

Nungunungu akageuka, akaziona zile saluti mia mbili. Akaketi kizingitini, uwanja wote ukimwona, akafungua ukurasa wa kwanza. Alipofika "nimeambiwa nimwache" ya pili, umati ulidakia kwa pamoja. Mara ya tatu gwaride nalo lilidakia, kwa chini chini, bila midomo kucheza.

Jua likapanda. Ngozi ya Mfalme, ambayo haijazoea kukaa mbali na maji, ikaanza kuvuta.

"Bado hajatoka machoni?"

"Bado, Mtukufu. Amekaa."

Kenge akainuka polepole, akanyata kuelekea lango kuu. Hakufika. Mama Kanga na majirani zake walikuwa wameshaingia uwanjani, wamemzibia njia.

"Kaa, mheshimiwa," Mama Kanga alimwambia kwa adabu. "Mayai ya mwaka huu bado hayajasomwa."